Neno Moja la Kuyaambia Maji

Siku ya kumi na moja walikuja wote uani kwa Adèle, wakaketi kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, na wote walitaka kitu kimoja: aseme kwamba mume wake amekufa. Chakula hawakukitaka, wala chai. Walitaka neno moja tu. Na yeye, mwalimu wa fizikia, mwanamke aliyesema maneno elfu sita kwa siku mbele ya ubao bila kukohoa, neno hilo moja lilimshinda.

Msimcheke upesi. Mngekuwa yeye, sijui mngesemaje.

Mume wake aliitwa Bavon. Alikuwa mvuvi wa maporomoko, mwana wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, na jinsi alivyompata mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu ni habari ambayo mtaa uliichekelea mwaka mzima, kisha ukaizoea. Jumanne moja, saa sita mchana, alikuwa juu ya nguzo za miti zilizosimikwa katikati ya maji makali, anakaza kamba ya msituni iliyolegea. Kamba ilikatika, au mguu uliteleza, walioona hawakubaliani. Wanakubaliana kwamba alianguka, kwamba kichwa chake kilionekana mara mbili, na kwamba baada ya hapo palikuwa na povu tu.

Sasa, katika ukoo wa akina Bavon, Wagenya wa maporomoko, kuna desturi, na ndiyo iliyowaleta watu uani. Maji yakimchukua mwanaume, vitunga huachwa majini siku tatu, huenda vikamnasa. Nasema vitunga, lakini msifikirie vya kubebea mboga: hivi ni vikubwa, mdomo wake mtu mzima anaingia bila kuinama, na huning'inizwa kati ya nguzo mbili kumeza samaki wanaoletwa na mkondo. Siku ya nne vitunga vyote hupandishwa juu. Haviteremki tena mpaka mke wa aliyeanguka asimame juu ya jiwe na kuyaambia maji, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mume wake amekufa. Mama mzazi hawezi kumsemea, padri hawezi. Wazee walikuwa na sababu yao: kama mtu bado anapigania roho yake mahali, si haki kuvua samaki juu ya kichwa chake.

Ni desturi yenye huruma. Walioitunga hawakujua tu kwamba siku moja mke atakuwa mtu asiyekubali jambo bila ushahidi.

Aliyeanza kusema alikuwa Emile, kaka mkubwa wa Bavon, kiongozi wa wavuvi wa mstari ule. Tangu msiba alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na watu walisema ni uchungu.

"Semeki," alimwambia, maana ndivyo shemeji wanavyoitana Kisangani, "tulikupatia wakati. Mais maji inaanza kupanda. Kama hatukaze zile nguzo mbele ya mwezi kuisha, mto itabeba yote. Familia makumi mbili na tatu, batoto banakula lituma ya ndizi bila samaki. Sema tu. Bavon alikufa."

"Yaya Emile, ulimuona?" aliuliza Adèle. Yaya kwao ni kaka mkubwa.

Emile aliangalia miguu yake. "Nani anaweza kuona mutu mu maji ile?"

"Alors, unajua namna gani?"

"Mutu akianguka pale anakufa. Tangu bankambo, babu zetu, iko vile."

"Hiyo si preuve, si ushahidi, yaya. Hiyo ni mazoea." Adèle alinyoosha mgongo kama anavyofanya darasani. "Kuko mutu wa Basoko, mto ilimubeba. Baleinière ilimukuta ku kisanga kisha siku tisa, akili ilipotea, hata jina yake hakujua. Siku tisa! Sisi tuko ku kumi na moja."

Habari ya mtu wa Basoko na mashua iliyomkuta kisiwani aliipata kwa muuza samaki, aliyeipata kwa wifi yake, aliyeisikia bandarini. Mwanafunzi akimletea ushahidi wa namna hiyo, Adèle angempa sifuri kwa kalamu nyekundu na kumwita mzazi wake. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na katika nyumba ile Bavon hakuwa peke yake aliyezama. Kila mashua iliyoteremka mto iliondoka na fotokopi ya picha yake, na nyuma ya kila fotokopi Adèle aliandika urefu wa mumewe, kovu la goti, na jino lililovunjika. Usiku hakulala na mchana hakula. Alikuwa amemkataza binti yao Benie, mwenye miaka tisa, kuvaa nguo nyeusi.

"Mwalimu iko na raison," alisema mtu kutoka nyuma.

Alikuwa maman Chantal, nabii wa kanisa moja dogo la maombi la mtaani, ambaye hakualikwa na alikuwa ameshika kiti kizuri kuliko vyote. Adèle alishtuka kumsikia upande wake. Si jambo la kufurahisha kuungwa mkono na mtu uliyemsema kwa miaka kumi.

"Tusiseme alikufa mbele ya kujua nani alimutoa kafara," maman Chantal aliendelea. "Mutoto wa Wagenya hakufake bure mu maji. Alizaliwa mu maji. Kuko mutu wa famille alimuuzisha kule chini ya maji. Na maiti ndiyo itasema! Kitunga yenye itamukamata, mwenye kitunga ndiye ndoki. Mungu alinionyesha."

Hakuna aliyecheka. Mwaka juzi, ng'ambo ya mto, mzee mmoja aliitwa ndoki, mchawi, kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na vijana wakamvisha tairi na kuliwasha. Moshi wake ulionekana upande huu. Watu wazima walikumbuka, wakajifanya wanaangalia kuku.

"Maman Chantal," alisema Adèle, "kitunga inakamata kitu chenye maji inaleta. Maji inafuata mawe na mwinamo. Nikitupa hata bidon, dumu tupu ya mafuta, kitunga itaikamata. Basi na bidon iliuzishwa kwa ba chini?"

Hapo wachache walicheka, kwa woga. Maman Chantal hakukasirika. Alikuwa na subira ya mtu mwenye jibu.

"Mwalimu, ile electron unafundisha batoto yetu, ulishakuiona?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hakuna mutu anaweza kuiona. Tunajua iko juu ya kazi yenye inafanya. Lampe inawaka."

"Voilà! Na mie vilevile. Ndoki haionekane, mais batu banakufa. Ile ndiyo lampe yangu." Akageukia watu. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ao nadanganya?"

Adèle alifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, mengi na mazuri, kuhusu kupima, na kurudia kupima, na mtu mwingine kupima baada yako; lakini ni majibu yanayohitaji ubao na wiki mbili, na pale alikuwa na nusu dakika mbele ya watu wenye njaa.

Aliyemwokoa, au aliyedhani anamwokoa, alikuwa Aboubakar, mwalimu wa hesabu wa shule yao, jirani, Mwislamu aliyehamia kutoka Maniema. "Collègue," alisema kwa upole, "kwetu kuko ba shehe banasema bibi ya mutu mwenye kupotea anangoja miaka ine. Kisha ndiyo banasema alikufa. Donc kungoja si zambi."

"Miaka ine!" Adèle aliruka kana kwamba ametajiwa sikukuu. "Munasikia? Miaka ine!"

"Miaka ine tutakula mawe?" aliuliza mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Aliuliza bila ubaya wowote, alitaka tu kujua.

Emile alisimama. "Jumatatu asubuhi tutakuwa ku jiwe, semeki. Wote. Tunakuomba kama vile banaomba Mungu. Ukikosa kukuja…" Hakumaliza. Hakuna aliyejua mwisho wa sentensi ile. Mto ungebeba nguzo, vitunga vingeoza juu ya mawe, na watoto wale wangekula lituma kavu mwaka mzima kwa sababu mwanamke mmoja alitaka ushahidi. Adèle alilijua hilo vizuri kuliko wote. Alijua, na bado hakuweza.

Wazo la bidon lilitoka katika mzaha wake mwenyewe. Usiku ule wa Ijumaa lilimkaa kichwani, na Jumamosi alizunguka sokoni kuokota bidon tupu za mafuta ya mawese, za manjano, lita tano tano, hadi akapata kumi na mbili. Alizijaza mchanga na maji kwa kipimo, akizijaribu kwenye pipa, mpaka zikawa zinaelea kidogo tu chini ya uso, kama mwili wa mtu. Akaziandika namba kwa rangi nyekundu.

Hoja yake ilikuwa hivi. Bidon zitatupwa pale alipoanguka Bavon. Zikitoka zote mpaka maji matulivu, basi na mwili ungetoka, na wavuvi walioangalia mto mchana kutwa siku zile tatu wangeuona. Hawakuuona. Kwa hiyo hakukuwa na mwili. Kwa hiyo mtu alitoka mwenyewe, kwa miguu yake. Hesabu ya aliyekata tamaa huwa sahihi kila mstari isipokuwa wa mwisho.

Jumapili asubuhi mtaa wote ulikuwa kanisani. Aboubakar ndiye aliyekubali kupanda kwenye nguzo, yeye asiyejua kuogelea, akishika kila mti kwa mikono miwili na kunung'unika sala. Adèle alikaa chini ya mkondo, juu ya jiwe jeusi, na daftari, na saa ya Bavon mkononi.

Bidon ya kwanza ilianguka, ikapotea, ikaibuka kushoto mwa mwamba mkubwa, ikageuka mara mbili, kisha ikapita katikati ya nguzo mbili zilizoinama. Adèle aliandika. Ya pili ilianguka, ikapotea, ikaibuka palepale, ikapita katikati ya nguzo zilezile. Ya tatu vilevile. Ya nne ilikwenda kulia ikavunjika. Ya tano, ya sita, ya saba: nguzo zilezile. Ilipofika ya tisa akawa anaandika kwa sababu tu alikuwa ameanza kuandika.

"Dix sur douze!" Aboubakar alirudi ameloa, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu apande. "Kumi ku kumi na mbili, collègue! Ile maji iko na mathématique kunipita mie."

Yeye aliona nguzo. Kwa mtu wa kutoka Maniema nguzo ni nguzo. Lakini mke wa mvuvi hujifunza nguzo za nani ni zipi kabla hajajifunza hasira za mama mkwe, na Adèle alijua ni kitunga cha nani kilichokuwa kimening'inia kati ya zile mbili zilizoinama, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mdomo wazi kuelekea juu ya mto. Kilikuwa cha Emile.

"Merci, papa Aboubakar," alisema, akafunga daftari. "Rudi nyumbani ubadilishe nguo, usipate malaria."

Emile hakuwa kanisani. Alikuwa ameacha kwenda tangu siku ile. Adèle alimkuta nyuma ya nyumba yake anapasua kitunga kwa panga. Kilikuwa kitunga kizima kabisa, kipya, cha kazi ya miezi, na alikuwa anakifanya kuni.

Adèle alisimama mbele yake. Hakumsalimu.

"Yaya Emile. Siku ya ngapi?"

Panga lilibaki hewani, kisha likateremka polepole. Hakuuliza siku ya ngapi ya nini.

"Ya pili. Asubuhi, mbele batu bakuye."

Adèle aliketi chini, palepale kwenye vijiti. Emile alisema akiwa amempa kisogo, upesi upesi. Alipovuta kitunga alikiona kizito, akafikiri ni samaki kapitaine mkubwa, akafurahi. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna kuliko yote: kwamba alifurahi. Kisha akaona mkono, na shati la bluu, na jino.

"Nilimutosha mu kitunga. Nilimulalisha ku mbao. Nilimufunga macho, semeki, nakuapia, nilimufunga macho muzuri. Nilimuomba pardon. Kisha nikamurudisha mu maji, kule katikati, kwenye courant iko nguvu."

"Juu ya nini?" Adèle alisikia sauti yake ikipaa hadi kwa majirani, kama wangekuwepo. "Juu ya nini, yaya? Ndugu yako! Tumbo moja!"

"Kitunga ilikuwa yangu."

"Na kisha? Kitunga ni kitunga!" Alimsukumia daftari kifuani. "Angalia! Nilitupa bidon kumi na mbili, kumi zilipita kwako. Kumi! Ni mawe, ni mwinamo, haiko mutu. Uko mutu wa akili, yaya Emile. Ndoki hakuna! Hakuna!"

Emile alilishika daftari. Aliangalia zile safu za namba kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayeangalia picha ya nchi ambayo hatafika.

"Mie najua ndoki hakuna," alisema. "Tuseme: najua mie siko ndoki. Mais pneu iko, semeki. Essence ya kuichoma iko. Kiberiti iko. Maman Chantal alikuwa alishasema ile neno ya kitunga tangu Jumanne magaribi, batu yote walisikia. Nilikuwa na Bavon mu mikono, nikafikiri mama yangu mwenye analala mu hii nyumba, na batoto wangu ine. We unaniambia kitu yenye hakuna. Kitu yenye haiko inaweza kuchoma nyumba?"

Kama ingekuwa darasani, Adèle angemsifu kwa swali. Miaka kumi na mitano alikuwa amewafundisha watoto wa watu kutenganisha kilichopo na kisichokuwepo, na hakuna kitabu kilichomwambia afanye nini na kisichokuwepo kinachobeba tairi. Alikuwa na chuki. Alimchukia Emile kwa moyo wote, waziwazi, kama mtu anavyochukia akiwa mtoto. Alikuwa amemwibia maiti. Amemwibia kuiosha, kuivalisha suti ya harusi, kuililia ikiwa ipo. Amemwibia hata kaburi la kumpeleka Benie siku ya kuwakumbuka wafu kwenda kung'oa majani.

Na tumaini lilikuwa limekwisha. Mtu wa Basoko, kisanga, akili iliyopotea, vyote viliisha pale nyuma ya nyumba. Bavon alikufa Jumanne, lakini kwa mke wake alikufa Jumapili hii, saa nne na nusu asubuhi, kati ya vijiti vya kitunga. Alilia kwa mara ya kwanza, na kilio kilimtoka vibaya, bila mpango, kwa kwikwi.

Emile alingoja mpaka akatulia kidogo.

"Sema kwa batu, semeki," alisema. "Kesho. Mie nilichoka. Siwezi tena kula, siwezi kulala. Bafanye yenye banataka."

Adèle alilichukua daftari lake mikononi mwa Emile, akaondoka.

Jumatatu maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mafundo ya chini ya nguzo. Watu walijaa mawe yote, wanaume na kamba mabegani, wanawake na watoto, maman Chantal na mavazi yake meupe, Aboubakar pembeni na kofia yake. Emile alikuwa amevaa shati safi, lililopigwa pasi. Watoto wake wanne walikuwa nyuma yake kwa mstari, na mama mzazi wa Emile na Bavon juu ya kiti. Adèle aliona lile shati, akaelewa: huyu amevaa kwa ajili ya kuuawa.

Alipanda jiwe. Benie alimshika sketi, akamwachia. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake.

Aliyaangalia maji. Alikuwa amejiandaa usiku kucha.

"Bavon alikufa," aliyaambia maji. "Mume yangu alikufa. Mutuachilie samaki."

Wanawake walianza kulia. Wanaume walikwisha kugeukia vitunga, na jambo lingeishia hapo, kama maman Chantal asingeinua mkono.

"Mwalimu! Ijumaa ulikataa mbele ya batu yote. Ulisema preuve. Leo unajua. Nani alikuambia?"

Watu wote wakamgeukia Adèle.

Katika maisha yake yote Adèle hakuwahi kuwa na jibu kamili kama siku ile. Alikuwa na namba, alikuwa na mchoro, alikuwa na shahidi wa kutupa bidon na shahidi wa kuokota maiti. Angeweza kulitoa daftari na kuwaonyesha hatua kwa hatua jinsi maji yanavyobeba kitu kutoka hapa hadi pale bila kumuuliza mtu ruhusa. Na kabla hajafika hatua ya pili, mamia ya watu hawa wangekuwa wamezigeukia nguzo mbili zilizoinama, kisha wamemgeukia mwenye nguzo. Ukweli wote aliokuwa nao ungetosha kumuua mtu mmoja asiye na hatia ya kuua, na kuwaacha watoto wanne waangalie.

Bado alimchukia. Sitaki mfikirie kwamba alikuwa amesamehe. Alimwona Emile akivuta pumzi, akiinua kidevu, akifungua mdomo ili aseme mwenyewe. Hapo Adèle akasema kwa nguvu, kabla yake:

"Niliota."

Watu walisogea.

"Bavon alikuja mu ndoto. Alikuwa na maji mwili yote. Aliniambia: Adèle, unifungue. Nilikufa palepale, ile Jumanne. Kamba ilikatika. Hakuna mutu alinitoa, hakuna mutu aliniuzisha. Niko nalala muzuri. Ambia yaya Emile akamate kazi. Ambia batu basitafute mutu." Na kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo kwa walio nyuma: "Hakuna mutu."

Alisema vizuri. Alikuwa na mazoea ya kusema, na watu walikuwa na hamu ya kusikia. Vitu hivyo viwili vikikutana havihitaji ushahidi.

"Nilisema!" Maman Chantal alirusha mikono juu. "Sikusema? Mungu anafundisha hata ba professeur! Leo mwalimu naye aliona!" Lile neno la kitunga na ndoki hakulikumbuka tena, wala hakuna aliyemkumbusha. Vigelegele vilipanda, wimbo ukaanza, na wanaume wakawa wanateremsha vitunga kimoja baada ya kingine huku wakiimba. Watu waliokuwa wakimwogopa Adèle kwa elimu yake walikuja kumshika mkono, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza walimwita mama wa ukoo. Emile alikuwa amepiga magoti, paji la uso juu ya jiwe, na shati safi limelowa.

Aboubakar hakuimba. Alimtazama Adèle, akazitazama zile nguzo mbili zilizoinama, kisha Emile. Ni mtu wa hesabu, hakuchukua muda. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Mchana Adèle na Benie walirudi nyumbani. Njiani watoto wenzake walikuwa wamekwisha kumzunguka Benie kumuuliza habari za ndoto, watoto wa Emile wakiwa mbele, kwa kuwa ndio anaocheza nao kila siku. Alipofika mlangoni alisimama.

"Maman, papa alikuambia nini juu yangu?"

Adèle alikuwa anavua viatu. "Alisema usome muzuri."

Mtoto alilipima hilo. Alikuwa mtoto wa mama yake.

"Mais ulinifundisha kama ndoto ni cerveau, ubongo, iko inajisemesha yenyewe. Alors, ilikuwa papa kweli, ao ilikuwa cerveau?"

Mtoto wa miaka tisa hawezi kukabidhiwa siri ya namna ile. Kesho yake ingekuwa kwa watoto wa Emile, keshokutwa sokoni. Adèle aliinama na kiatu kimoja mkononi.

"Ilikuwa papa kweli," alisema.

Benie aliitikia kwa kichwa. Alikula, akanawa miguu. Saa tisa na nusu, jua bado kali, alipanda kitandani upande wa baba yake akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Unagonjwa?"

"Hapana. Niko namungojea. Usifanye makelele."

Aliamka giza linaingia, akasema baba hakuja. Jumanne alirudi mbio kutoka shuleni, akalala tena na sare yake ya shule. Jumatano vilevile. Kwa baiskeli na kwa miguu, hadi kibarazani, watu walileta samaki: kapitaine, mbenga, kila nyumba ilitaka kumshukuru mwalimu, na jikoni mlikuwa na harufu ya moto siku nzima.

Alhamisi, Benie alipoamka hakushuka kitandani. Aliketi akiangalia ukuta, na machozi yalikuwa yanamtiririka kimyakimya.

"Maman, kwako alikuja siku moja tu, na kwangu hapana hata mara moja. Mie nilimufanya nini?"

Adèle alipanda kitandani, akamshika mkono, akamwambia alale tena.